Ngozi Inayonyolewa Kitandililo

Ulimwona. Usigeuze shingo sasa, uliigeuza siku ile ikatosha. Gari yako ilipunguza mwendo pale Kitandililo kwa sababu ya mashimo, ukamwona mwanamke uani kwake na wembe, beseni la maji ya moto, na ngozi iliyowambwa kwenye fremu ya mbao. Ukapandisha kioo. Ukamwambia mwenzio, hawa wanatengeneza ngozi za mbuzi. Mbuzi gani ananyolewa kwa povu la sabuni?

Mwanamke yule ni Oktavia. Alikuwa anamnyoa mumewe.

Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa saba, baridi ile ya maji ya ndoo kuamka na utando wa barafu. Oktavia alipitisha wembe kuelekea chini, maana Anselmi akinyolewa kwa kupandisha hutoka vipele. Ngozi yenye nywele kampuni haipokei. Alipomaliza aliimwagia maji yaliyochemshwa na magome ya miwati, miti ya kulainishia ngozi, ikashika rangi ya chai ya rangi. Upepo ulipoipiga ikasisimka. Akaifunika blanketi mpaka ikatulia.

Kazi hii aliileta Mzee Ezekia, mwenye kampuni hiyo na mashine za kupasua mbao. Ng'ombe wanaichafua dunia, alisema mkutanoni, ngozi ya kesho itaota kwenye uyoga. Wanawake arobaini wakapewa trei, mbegu ya uyoga na magunia ya vumbi la mbao. Vumbi unalipika kwa mvuke ndani ya pipa tangu asubuhi hadi jua la utosi, unalipoza, unalichanganya na mbegu, unalitandaza kwenye trei, unafunga chumba kiwe giza. Baada ya wiki tatu nyuzi nyeupe zimeshashonana zenyewe, zimekuwa ngozi nene ya kubandua kwa mikono miwili. Ila vumbi lazima liwe kuukuu. La jana lina utomvu wa paini, linaua mbegu. Linalofaa ni lile lililolala lundo msimu mzima, likanyeshewa mpaka likawa jeusi. Ndiyo maana Mzee Ezekia aliagiza lichotwe lundo la zamani, kule msituni mashine yake ilikopiga kambi mwaka uliotangulia.

Na chini ya lundo lile ndiko walikomlaza Anselmi.

Gogo lilibiringika, likamsukumia kwenye msumeno. Hakuwa na mkataba, hakuwa na kofia ngumu, hakuwa na jina kwenye karatasi yoyote. Msumeno ulizimwa kwa muda wa kuvuta sigara moja, koleo zikafanya kazi yake, mbao zikaendelea kupasuliwa. Oktavia alipofika kuuliza aliambiwa mumeo ametoroka, mama, wanaume ndivyo walivyo. Neno hilo alikuwa analijua. Babu yake mzaa baba alichukuliwa manamba kwenda kwenye mkonge, hakurudi, na mnyapara aliandika hivyo hivyo: mtoro. Ukoo wao umejaa watoro ambao hakuna aliyewahi kuwaona wakikimbia.

Trei ya nne ilipokuwa tayari, Oktavia aliibandua ngozi akakuta kovu la jembe, mfano wa mwezi mchanga. Anselmi alilipata akilima viazi Iwawa, kabla hawajaoana. Pembeni yake kulikuwa na chunjua mbili, mahali pake pale pale. Oktavia alifuta mikono akaenda kumwita wifi yake Scholastica, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akitangaza bombani kwamba kaka yake amekimbia ulimi wa mke.

Scholastica aliinama juu ya trei, akanusa harufu ya pombe ya mianzi.

"Ni yeye," alisema. "Huu ulanzi wa Jumapili ninaujua."

"Basi sikumfukuza."

"Hukumfukuza, wifi. Lakini ulimi unao."

"Ninao. Kwako ameota sehemu gani?"

"Mgongo. Nilidhani trei imeharibika, ilikuwa na mfereji katikati. Nikaupiga pasi."

"Umempiga pasi kaka yako."

"Alikuwa amepinda tangu utoto. Angalau sasa kanyooka."

Walicheka kidogo, kisha Scholastica akavuta kigoda akakaa, wala hakuondoka mpaka jua lilipozama.

Siku hiyo hiyo habari zilikusanyika kutoka kwa wanawake wengine wa trei. Dorika alikuwa na goti. Flora alikuwa na nyayo zote mbili, na magaga yake. Telesia alikuwa na shavu la kushoto, akaliwekea redio wakati wa mpira. Watu waliendelea kupika vumbi. Asubuhi waliposalimiana "kamwene", waliongeza: na shemeji kaamkaje? Kaamka, ana jasho kidogo.

Oktavia alitaka jambo moja, kumzika. Alitaka mumewe atoke kwenye watoro aingie kwenye marehemu, msalaba usimame, na mtu akiuliza yuko wapi, aonyeshwe kwa kidole. Mtendaji wa mtaa alimsikiliza vizuri, akamkaribisha na kiti. Akamweleza kwamba kifo huandikwa kwa mwili, na mwili ni mmoja, hauwezi kuwa kwenye nyumba arobaini. Fidelis, katekista wa kigango, alikuwa mwepesi zaidi. Mkusanyeni, alisema, hata akipungua kidogo nitamzika. Ndugu wakachimba kaburi Alhamisi nyuma ya miparachichi. Hapo walikosea. Kaburi halilali wazi, kila mtu anajua, lakini waliamini Ijumaa ingewahi.

Ijumaa wanawake walimleta, kila mmoja na kipande chake kichwani, wakampanga mkekani uani kwa Oktavia. Alipungua sikio moja na mkono wa kulia. Walikuwa hawajamaliza kumfunika shuka ilipoingia pikapu ya kampuni. Alishuka Jastin, msimamizi, anayekusanya ngozi kila Ijumaa.

"Kamwene, mama Hilda."

"Kamwene," Oktavia alimjibu. "Leo hakuna mzigo, leo kuna msiba."

"Poleni." Alivua kofia, akapita kandokando ya mkeka akibonyeza kwa kidole gumba. Kwenye kovu alisimama. "Hii daraja la kwanza. Wateja wa nje wanapenda alama, wanasema ndiyo asili yenyewe."

"Huyo ni Anselmi."

"Najua. Tulikuwa mashine moja. Mimi ndiye niliyeshika koleo." Alisema kama mtu anayesema ndiye aliyefunga geti. "Lakini mbegu ni ya kampuni, vumbi la kampuni, trei za kampuni. Cha kwako hapa ni maji, mama."

"Na mume."

"Mume alitoroka. Imeandikwa."

Akavaa kofia, akaanza kukunja. Mkono wa kushoto ulikataa kukunjika kinyume cha kiwiko, akaugeuza, ukakunjika. Ngozi zote zilitoka jasho zilipopandishwa garini, naye akazifuta kwa tambara zisishike ukungu. Scholastica alikwenda akakaa chini mbele ya gurudumu, akanyoosha miguu. Jastin akarudi kinyumenyume, akatokea upande wa zizi.

Anselmi yule wa kwanza aliuzwa akaisha kabla ya mvua. Lundo nalo liliisha, lakini kampuni ilikuwa imeshachukua mbegu kwenye kovu, na sasa anaota popote, hata kwenye vumbi la misitu ambayo hakuwahi kuikanyaga. Ofisini kwa Mzee Ezekia kuna kiti kilichowambwa mgongo wake. Wageni wanakisifu kwamba kina joto. Mwezi uliopita mashine nyingine iliua wawili. Wameandikwa watoro, na lundo lao limeachwa linyeshewe. Limeanza kuwa jeusi.

Kaburi lingali wazi nyuma ya miparachichi, limefunikwa bati na mawe manne. Kila jioni Oktavia na wifi yake hukaa kando yake wakimenya viazi, maana kaburi haliachwi peke yake. Na trei anaendelea kupokea. Anapika, anabandua, ananyoa. Asiponyoa yeye, atanyoa mtu asiyejua kwamba wembe unaelekea chini.

Sasa wewe. Huo mkanda kiunoni mwako, ulioambiwa haukuua mnyama yeyote, ufungue. Hapo hapo ulipo, watu waone. Ulaze mezani, fungua dirisha baridi iingie. Ukisisimka, ufunike kitambaa, panda gari, shuka Makambako, uliza Kitandililo kwa mama Hilda. Usipandishe kioo. Usiniambie Jumamosi ijayo, usiniambie utatuma mtu. Kaburi halilali wazi, na hili linalala wazi tangu mwezi wa saba. Nyanyuka. Mlete leo.