Kasi ya Tatu

"Kwenye tatu inagonga!"

"Kwenye tatu haigongi! Nimeiendesha mwenyewe asubuhi ya leo, imetulia kama mtoto aliyeshiba."

"Basi mimi ni mwongo."

"Sikusema wewe ni mwongo. Nimesema haigongi."

"Hebu nieleweshe, Dada. Hapo tofauti iko wapi?"

Tofauti haikuwepo, na Mama Diploma hakuwa mtu wa kubuni kitu ambacho hakipo. Akaamua kukunja shuka. Lilikuwa shuka la hospitali, pana, na kulikunja peke yako ni kujitafutia taabu. Siku zote walikunja wawili, mmoja huku, mmoja kule, wakikutana katikati. Leo mdogo wake alimtazama akipigana na pembe za shuka, wala hakunyoosha mkono.

Mlangoni, mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshaegesha pikapu yake kinyumenyume, tayari kupakia. Alikuwa mzee mnene, mcheshi, mwenye kofia ambayo zamani ilikuwa na rangi. Alikuwa amejikalisha juu ya bunda la mataulo safi bila kukaribishwa.

"Mimi nimeitwa kuchukua mashine," alisema. "Kesi za ndugu siziwezi. Ila mkichelewa sana nitalala hapa hapa, mataulo yenyewe laini."

"Hakuna mashine inayotoka," alisema Mama Diploma.

"Inatoka," alisema mdogo wake. "Nusu ni yangu, na hiyo nusu yangu nimeichoka. Kila mtu anunue kadogo kake, akaweke kwake, afue kwake. Hakuna atakayeambiwa anasikia vitu ambavyo havipo."

Hilo neno "kwake" ndilo lililomchoma Mama Diploma. Mashine ilikuwa chuma, na chuma kingine kingepatikana. Lakini ndani ya vyumba hivi viwili, cha mbele cha wateja na cha nyuma cha kazi, walikuwa wamefua pamoja tangu watoto wake walipokuwa wakitambaa kati ya makapu. Sasa watoto walikuwa na ndevu. Dobi bila mdogo wake? Nani angemwambia kwamba shati la mwalimu halijatoka doa? Nani angempigia kelele?

Jina la Mama Diploma alipewa na majirani, kwa sababu cheti chake cha chuo cha ufundi kilitundikwa ukutani juu ya ndoo za sabuni, ndani ya fremu, mahali ambapo hata anayeleta soksi tu lazima akione. Alikuwa mwepesi wa kila kitu: wa kutembea, wa kusema, wa kukata shauri. Wanawe aliwalea vivyo hivyo, wakala haraka, wakaoga haraka, wakakua haraka. Mdogo wake walimwita Taratibu. Huyo hata chai aliipuliza kwanza ndipo akaitazama, kisha akaipuliza tena.

Mashine yenyewe ilikaa kona ya chumba cha nyuma kana kwamba haihusiki. Ilikuwa ya kukamulia: pipa kubwa la chuma lililoning'inia kwenye springi nne, ambalo likizungushwa kwa kasi lilirusha maji yote kutoka kwenye nguo. Kasi ilipangwa kwa kitufe cha kuzungusha, kuanzia moja hadi tano. Tano ni ya mashuka. Tatu ni ya mablanketi, ambayo yakizungushwa mno hutoka yamevutika kama uji. Asubuhi aliiendesha Mama Diploma wakati mdogo wake anazunguka kukusanya nguo. Mchana aliiendesha Taratibu wakati dada mtu anapeleka zilizokauka. Na kwa majuma kadhaa sasa, mmoja alisema inagonga na mwingine akasema haigongi, mpaka wakafika hapa, pikapu mlangoni.

"Iwashe," alisema Taratibu.

"Iwashe wewe, si ndiye unayesikia."

"Nikiwasha mimi ikagonga, utasema nimeiharibu. Iwashe wewe."

"Haya!" Mama Diploma akalitupa shuka, akakamata kitufe na kukizungusha mpaka mwisho, moja kwa moja hadi tano, kama anavyofanya kila asubuhi. Pipa lililojaa mashuka mabichi likaunguruma, likatetemeka kidogo likipanda, likakoroma mara chache, halafu likatulia na kuvuma. Akaacha livume vizuri, kisha akakishusha kitufe hadi tatu. Mvumo ukashuka. Basi. Hakuna kilichogonga.

"Mzee, unasikia nini?" aliuliza, mikono kiunoni.

"Nasikia mashine ambayo nitaipenda," alisema mzee wa vyuma.

"Unaona?"

Taratibu machozi yalimlengalenga, na hilo Mama Diploma hakulitegemea. Mdogo wake hakuwa mtu wa kulia. Akaizima mashine, akasubiri pipa lisimame kabisa, akajifuta mikono kwenye aproni. Mashuka yale yale yalikuwa bado ndani. Akakishika kitufe kwa vidole viwili, kama mtu anayefungua redio ya mtu mwingine.

Moja. Pipa likaanza kuyumba taratibu. Akangoja. Moja na nusu. Mbili. Kwa chini kukasikika tik, tik, kama ukucha juu ya sahani. Akaongeza kidogo tu. Tatu.

Kong'! Kong'! Kong'! Kong'!

Ndoo za sabuni zikacheza. Cheti kikaenda upande ukutani. Mzee wa vyuma akashika kofia yake kana kwamba ndiyo inayotaka kuondoka.

"Zima! Zima!" alipiga kelele Mama Diploma, na Taratibu akazima.

"Umefanya nini?"

"Nimefika tatu."

"Hata mimi nimefika tatu!"

"Nimekuona," alisema Taratibu polepole, na sasa macho yake yalikuwa makavu na makali. "Leo ndiyo mara ya kwanza naangalia mkono wako ukiiwasha, Dada. Kumbe wewe unakimbilia tano kwanza, halafu unashuka. Mimi napanda. Sote tunafika tatu, ila wewe umetokea juu, mimi nimetokea chini."

Mama Diploma aliiwasha tena mwenyewe, safari hii kwa vidole viwili, moja, mbili, tatu. Kong'! Kong'! Bila kuzima akapandisha: nne, bado inagonga, nyumba nzima inalalamika. Karibu na tano, ghafla, kama mtu aliyekatwa neno, ikanyamaza. Akashusha hadi tatu. Kimya. Akashusha zaidi, na ilipokaribia mbili ikaanza tena kugonga yenyewe.

"Eti namba ile ile, mashine ile ile, tabia mbili," alisema mzee wa vyuma. "Ningekuwa na mke wa hivyo ningehama."

"Mzee, nyamaza kidogo, nafikiri."

Chuoni lilikuwepo somo la mitikisiko. Nusu yake aliisikia akiwa na mimba ya kifungua mimba wake, kichwa kikiwa mezani, lakini lile la vyuma viwili vinavyokaribiana alilikumbuka. Akachukua tochi, akapiga magoti, akachungulia chini ya pipa. Kile pale. Kigingi cha chuma, kimefungwa sakafuni kwa nati, kimesimama kati ya pipa na meza ya Taratibu ya kupigia pasi. Walikiweka wao wenyewe siku walipoisogeza meza karibu, maana pipa likijaa lilikuwa linayumba na kuigusa meza. Kigingi kilivikwa mpira mzito ulioligusa pipa. Sasa mpira ulikuwa umelika na kuanguka, umebaki unyuzi, na kati ya chuma na chuma paliachwa uwazi usiozidi unene wa sarafu.

"Njoo uone," alisema. Taratibu akainama kando yake, mabega yakagusana.

"Pipa likizunguka kwa utulivu haliyumbi sana, halifiki kwenye kigingi. Hapo ndipo nilipokuwa mimi, maana nikikimbilia tano silipi muda wa kuyumba. Lakini ukipanda polepole, unalipa nafasi ya kuyumba mpaka liguse. Likigusa, kigingi kinalirudisha kwa nguvu. Likirudi, mzunguko unalisukuma tena. Yaani wanasukumana wenyewe, kila kipigo kinaleta kingine. Likishashika mchezo huo haliachi kwa sababu umeongeza kasi kidogo. Mpaka ulizidishie kabisa, lishindwe kufuata."

"Kama wewe na mama wa saluni mkianza kujibizana."

"Usinichekeshe, nimepiga magoti." Lakini alicheka. Kisha akakaa sakafuni, miguu mbele, akamtazama mdogo wake. "Hukusema uongo."

"Nilikwambia."

"Uliniambia. Nilikuwa nasikiliza mashine, sikukusikiliza wewe. Nisamehe."

Taratibu akaushika ule unyuzi wa mpira, akauzungusha kidoleni. "Sasa tufanyeje? Tuweke mpira mpya, ubane sana?"

"Ukibana, kugonga kutakwisha. Ila mtikisiko wote utapita kwenye kigingi, sakafuni, mezani kwako. Utapiga pasi mikono inacheza. Kwa vitu viwili kama hivi, mbaya kuliko yote ni kukaribiana bila kushikana. Ama vibanwe, ama viachane mbali. Mimi naona tukitoe kigingi, pipa liyumbe lipendavyo, na meza yako iende mbali."

"Mbali wapi?"

Hapo Mama Diploma akaona shida aliyojiingiza. Chumba cha nyuma kilikuwa kimejaa. Mbali palikuwa mahali pamoja tu: chumba cha mbele, upande wa pili wa ukuta wa plaiwudi, pamoja na kaunta na kengele ya wateja.

"Kwa hiyo nakwenda kukaa na kaunta," alisema Taratibu. Sauti yake ilirudia ule ukali wa mwanzo. "Meza niliisogeza hapa ili tuongee, Dada. Nikikaa huko nyuma ya ubao, na wewe huku na mngurumo, tofauti na kila mtu kwake ni ipi? Mzee, simama. Pakia."

Mzee wa vyuma hakusimama. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

Mama Diploma naye alikuwa anautazama ukuta wa plaiwudi. Waliuweka wenyewe zamani, kwa sababu mteja mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, aliingia akakuta chupi yake imeanikwa mbele ya watu. Tangu hapo nguo za ndani zilianikwa uani, na ukuta ukabaki kwa sababu ulikuwepo.

"Huu ubao unazuia nini?" aliuliza.

"Unazuia watu wasione ndani."

"Ndani kuna nini? Mashuka na mimi. Mimi watu wameniona."

Akainuka, akatoa spana kwenye droo na nyundo chini ya kaunta. Spana akampa mdogo wake. "Fungua nati za kigingi. Taratibu, kama ulivyo, zimeshika kutu."

"Dada, leo leo?"

"Unataka kesho? Kesho nitakuwa nimeanza kufikiri."

Akaupiga ukuta wa plaiwudi pigo la kwanza pembeni, kwenye misumari. Ukalia, ukakataa. Akaupiga tena. Vumbi likamwagika juu ya kaunta, na kengele ya wateja ikalia yenyewe. Mzee wa vyuma akainuka kutoka kwenye mataulo, akaweka kofia pembeni, akashika ubao upande wa pili ili usimwangukie mtu. Nyuma yao Taratibu alilala ubavu sakafuni, akizungusha spana kidogo kidogo, akilaani nati moja moja.

Ubao ulipoanguka, mwanga wa mtaani uliingia hadi kwenye pipa. Waliisukuma meza ya pasi wote watatu mpaka ikasimama chini ya dirisha la mbele, mbali na mashine kwa hatua za kutosha, lakini ukiketi pale unamwona mtu wa mashine uso wake wote.

"Washa," alisema Mama Diploma.

Taratibu akakishika kitufe kwa vidole viwili. Moja. Mbili. Dada yake aliweka mikono nyuma asije akakigusa. Tatu. Pipa likayumba kwa upana, likavuma, likaendelea kuvuma.

Mzee wa vyuma akapakia plaiwudi na kigingi, akafunga mlango wa pikapu. Ndani, ndugu wawili walikuwa wameshalishika lile shuka la hospitali, mmoja huku, mmoja kule.