Kikombe cha Karani Hermani

Tekla alikuwa amekaa kwenye gogo mbele ya nyumba yake, kijijini Bashay, akipukuchua mahindi ya mbegu. Wifi yake Natalia alifika kwenye ua wa minyaa na kusimama hapo hapo, hatua ishirini, kama ilivyompasa kila mtu aliyekuja kumwona. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea nyumbani, kwa hiyo hakuhitaji kupiga kelele sana.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Nzuri tu. Kikombe chako kimefika. Amepewa Hermani."

Tekla aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu, ndipo akauliza kikombe gani.

Kilikuwa kikombe cha fedha chenye masikio mawili, kimetoka Ulaya kwa meli na kwa lori. Wakubwa wa huko walitazama sinema za makoloni yote, wakapiga kura, na ile ya Bashay ikashinda kwa uigizaji. Bwana Shauri, Mzungu wa bomani, alipokileta aliuliza waigizaji wako wapi, na aliyejitokeza alikuwa Hermani peke yake. Asiyekuwepo na lake halipo. Jina la Hermani likachongwa na fundi saa wa Mbulu kwa herufi nzuri, na hakuna aliyeona ubaya, maana Tekla asingeweza kuvuka kijito kwenda kupokea kitu chochote.

Sinema yenyewe ilipigwa kiangazi cha mwaka 1953. Lilikuja lori la serikali na Mzungu mmoja mpole, ambaye watu walimwita Bwana Sinema, akitaka kufundisha watu kuchemsha maji. Alihitaji daktari na mama aliyefiwa. Udaktari alipewa Hermani, karani wa mnada wa ng'ombe, ambaye hakuwahi kufunga hata kidonda cha mbuzi, ila koti jeupe lilimkaa vizuri. Kwa upande wa mama walimjaribu Natalia, akacheka. Wakajaribu wanawake wengine wawili, nao wakacheka. Ndipo mtu mmoja akasema, mwiteni Tekla.

Tekla alikuwa na mwezi mmoja tu tangu amalize kukaa pembeni. Mwanawe Ignasi, wa miaka minne, alikufa kwa kuhara, na kwa desturi ya kwao mama aliyefiwa na mtoto hukaa pembeni mwaka mzima. Havuki kijito, hapokei moto wa jirani, haendi kwenye pombe za watu, chombo chake hakiguswi na mwingine, na ng'ombe wa nyumba hiyo hawachanganywi na ng'ombe wa wenzao. Wala si adhabu. Ni kuzuia kifo kisizoee njia. Tekla aliikubali desturi hiyo, akaitimiza siku kwa siku, akatoka.

Bwana Sinema alimpa gunia lililoviringishwa kwenye blanketi, akamwambia kupitia kwa Hermani alie kidogo. Tekla aliliangalia blanketi. Lilikuwa jekundu lenye mstari mweusi, kama lile alilozikwa nalo mtoto. Akalia tangu jua liko utosini mpaka likagusa mlima, na Bwana Sinema akamaliza mikanda yake yote ya wiki ile. Mwishoni Hermani aliinama akasema maneno yake manne: "Mama, ungechemsha maji haya."

Kesho yake wazee walikaa. Mzee Gwandu, aliyekuwa mkubwa wao, alisema yeye alikuwepo, aliyaona machozi, na hayakuwa ya mchezo. Tekla akarudishwa pembeni mwaka mwingine. Kisha sinema ikaanza kuonyeshwa Dongobesh, Katesh na Balangdalalu, likazuka swali kama kila anapolia kwenye shuka jeupe mwaka unaanza upya. Wazee walilipima suala hilo kwa uangalifu mkubwa, bila chuki na mtu, wakaona kwamba unaanza. Gari la sinema lilipita kila baada ya miezi mitatu.

Hayo yote yalikuwa yamezoeleka tayari kikombe kilipofika. Asubuhi ya kwanza Hermani alikikuta kimejaa maji. Akatazama juu, bati lake lilikuwa zima. Akayamwaga uani, na jua lilipopanda udongo ukabaki mweupe, ndama wake akaja kuulamba. Asubuhi ya pili kilijaa tena. Ya tatu kilifurika, kikalowesha meza na daftari la mnada. Hermani akakitoa nje, akakiweka juu ya jiwe, akachimba mfereji mdogo.

Baada ya wiki mbili ng'ombe wa Bashay nzima walikuwa wanalamba uani kwa karani. Watu waliacha safari ya siku mbili kwenda kufuata chumvi ya ziwa Balangida. Maziwa yaliongezeka. Bwana Mifugo alikuja akayapima maji yale, akaandika kwamba ni machozi ya mtu mzima, mwanamke, yenye chumvi nzuri, na akashauri mfereji upanuliwe. Malalamiko yaliyopelekwa barazani yalikuwa ya jirani mmoja tu, aliyekanyagiwa maharage.

Kwamba machozi ni ya Tekla, hilo halikubishaniwa. Kilichobishaniwa ni kama Hermani alistahili tuzo. Dukani kwa Hatibu, Mbulu mjini, watu walisimama wakiwa na sukari mkononi mpaka chai zao zikapoa majumbani.

"Maneno manne!" alisema Hatibu. "Manne tu, na hilo la mwisho alilimeza. Hata kasuku angepewa kikombe."

"Lakini koti je?" alijibu mteja. "Uliona alivyolivaa? Mimi nilitaka kumwonyesha jino langu."

"Jino lako mpelekee, basi, akuandikie bei ya mnada."

Walicheka, wakabishana tena, na wiki iliyofuata hivyo hivyo, hadi Bwana Shauri akachoka kusikia habari hiyo na kuiita barazani.

Baraza lilikaa kwenye nyasi kando ya kijito, ili Tekla aweze kusikia akiwa ng'ambo yake. Alikuja na mumewe Nikolausi, wakakaa kwenye kichuguu. Hermani alikaa upande wa pili, kikombe miguuni pake, kikichuruzika polepole. Barua ya Ulaya ilisomwa. Ilisema tuzo ni ya yule aliyewapita wote kwa kuigiza.

"Mama," alisema Bwana Shauri kwa Kiswahili chake cha taratibu, "mimi nataka jibu moja. Siku ile ulikuwa unaigiza, au ulikuwa unalia?"

Mzee Gwandu aliinuka kabla Tekla hajajibu. Hakuwa mtu mbaya, na jambo hili lilikuwa limemkosesha raha muda mrefu.

"Mwanangu, sikiliza vizuri. Ukisema uliigiza, basi hapakuwa na msiba, na sisi wazee tulikosea. Leo hii unavuka hapa, tunakupokea. Na kikombe unapewa."

"Jina litachongwa upya," aliongeza Bwana Shauri.

Watu wote walimtakia jibu jema. Nikolausi alimshika mkono. Alikuwa amekonda, na ng'ombe wao mmoja aliyebaki alikuwa amekonda kuliko yeye, kwa kuwa asiyechanganywa na wenzake hakuweza kupelekwa Balangida wala uani kwa karani. Siku hizo alikuwa analamba udongo wa ukuta.

"Sema tu, mama Ignasi," alinong'ona. "Ni neno moja. Mimi najua, na Mungu anajua."

Tekla aliitaka sana ile ng'ambo. Aliona wanawake wenzake wamekaa wameacha nafasi katikati yao, nafasi ya mtu mmoja, na Natalia alikuwa ameipangusa kwa kiganja. Alitamani kwenda kukaa pale hata kabla ya baraza kufungwa. Lakini Ignasi hakuacha picha, wala nguo, na kaburi lake lilikuwa limeshaota majani. Aliyobaki nayo duniani yalikuwa yale machozi. Akisema yalikuwa ya mchezo, mtoto atakuwa amekufa bila kuliliwa, na watu wote hawa watakuwa mashahidi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Nilikuwa nalia," alisema. "Nilikuwa namlilia Ignasi."

Karani wa baraza aliandika. Bwana Shauri alivua kofia, akaivaa tena. Akasema basi jambo liko wazi: mama huyu hakuigiza, na Hermani aliigiza, kwa kuwa kila mtu anajua yeye si daktari. Kwa hiyo alistahili. Mzee Gwandu naye akasema wazee hawakukosea. Watu waliondoka wameridhika, isipokuwa Hatibu, aliyeendelea kubisha dukani kwake mpaka alipohama.

Jumapili iliyofuata Hermani alikuja mwenyewe kwenye minyaa. Alikuwa amebeba kibuyu, akakiweka juu ya jiwe kwa mikono miwili.

"Nimemletea ng'ombe wenu kidogo," alisema. "Kibuyu msirudishe."

"Karibu, karani."

Hermani hakuondoka mara moja. Alikuwa ameangalia chini.

"Mama Ignasi, mimi nilisema maneno manne tu."

"Uliyasema vizuri," alisema Tekla, na hakuwa anamkejeli.

Alipogeuka kwenda zake, Tekla alichukua kibuyu, akachovya kidole, akaonja. Aliujua mchana ule wote aliolia. Akamimina kwenye kihori, na ng'ombe akanywa akiwa amefumba macho, mkia umetulia. Kutoka upande wa Dongobesh mlio wa lori la sinema ulikuwa unapanda mlima, miezi yake mitatu ikiwa imetimia.

Hermani alikuwa ameshavuka kijito. Tekla alikumbuka adabu, akasogea mpaka kwenye minyaa, akapaza sauti ili imfikie.

"Asante sana, karani. Mungu akuzidishie."