Kibali cha Kanda ya Sketi ya Ngozi

Scolastica Sulle hakuja Hanang kutembea. Alikuja kutafuta kibali. Alikuwa mkutubi wa chuo kikuu, mwenye stashahada na watoto watatu, na ofisini kwake Dar es Salaam kulikuwa na kabati jipya la kanda za video ambalo alilipigania mwenyewe mpaka watu wakamchoka. Sheria ya kabati aliitunga yeye: kanda haiazimishwi kwa wanafunzi mpaka aliyerekodi na aliyerekodiwa wakubali kwa maandishi. Mkuu wake aliipenda sheria hiyo, akaongeza ya kwake. Kanda itakayokosa kibali mpaka muhula ufunguliwe ifutwe, irekodiwe mihadhara ya uhandisi, maana kanda tupu zilikuwa hazipatikani.

Iliyomleta ni kanda moja. Basili, ofisa mafunzo wa shamba la ngano la serikali, aliwahi kuazimwa kamera na wageni waliokuja kufundisha kuendesha mashine za kuvunia. Akaenda nayo Dirma kwa majirani zake wafugaji, akamrekodi Mama Gidamis akishona sketi ya ngozi, tangu ngozi mbichi hadi ushanga wa mwisho, kisha akaituma kanda chuoni. Scolastica alikuwa ameitazama kanda ile kuliko kazi ilivyohitaji. Kufutwa kwake kungemuuma kama kufiwa na ng'ombe wa maziwa.

Kwa Basili kazi ilikwisha kabla chai haijapoa. Alisaini.

"Na Mama Gidamis?" Scolastica aliuliza.

"Nenda kwa mumewe, Mzee Gwandu. Akisema ndiyo, boma zima limesema ndiyo."

Hapo ndipo Scolastica alipokosea, na alikosea kwa sababu alizaliwa Dongobesh, kwenye nyumba ambayo baba akishasaini, kitu kimesainiwa. Alimkuta Mzee Gwandu zizini. Mzee aligonga dole gumba haraka, hata wino haujaenea vizuri.

"Wanawake usiwasumbue," alisema. "Wana kazi ya maziwa."

Scolastica akakunja karatasi yake, akatoka ameridhika. Mlangoni pa boma akakutana na mwenye sketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni wa milimani. Kiswahili chako kinapanda na kushuka."

"Wa Dongobesh, mama. Na chako kinatembea na ng'ombe, hakina haraka."

Mama Gidamis akacheka. "Haya, dole la mzee umelichukulia nini?"

Scolastica akamweleza yote: kanda, kabati, wanafunzi, muhula.

"Sketi ni yangu au yake?"

"Yako."

"Yeye anaivaa?"

"Haivai."

"Basi umechukua dole la mtu asiyehusika. Ni kama mimi nikuuzie trekta la serikali."

Scolastica hakuwa mtu wa kutetea kosa. Aliichana ile karatasi palepale. "Nimekosea. Nataka dole lako, mama."

"Langu peke yangu halitoshi. Sketi ni ya wanawake. Tutakaa kikao. Na hatukubali kitu tusichokiona, kwa hiyo tuonyeshe kwanza."

Mzee Gwandu, aliyekuwa amewafuata polepole, akaingilia. "Waone nini? Si wanashona wenyewe? Wanaijua."

Mama Gidamis alikuwa amekwisha kwenda kuwaita wenzake.

Televisheni na deki vilikuwa katika klabu ya shamba. Kesho yake wanawake wa Dirma wakaja, na wengine wa kijiji cha Gendabi waliosikia habari njiani. Basili aliwasha jenereta, akaziba madirisha kwa magunia ya ngano. Chumba kikanukia samli na ngozi. Wanaume wachache walisimama nyuma, Mzee Gwandu akiwa karibu na mlango kuliko wote.

Picha ya kwanza ilikuwa yake. Alikuwa ameishika sketi ya zamani ya mkewe kwa mikono miwili, ameiinua mbele ya kamera, anaigeuza huku na huku, anatabasamu. Sauti ya Basili ilisikika ikimwambia, mzee, hebu tuonyeshe, wakati Mama Gidamis amekwenda kuteka maji. Scolastica alikipita kipande hicho kila mara akitazama ushanga tu.

Wanawake wakaiinamia televisheni. Halafu Mama Gidamis akasema, "Simamisha."

Basili akasimamisha.

"Rudisha."

Akarudisha. Mzee Gwandu akaiinua tena sketi, akatabasamu tena.

"Ameshika," alisema bibi mmoja wa mbele, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Jirani yake akamweleza Scolastica kwa kifupi. Sketi ya mke hairukwi wala haishikwi na mume. Hata mume akiinua fimbo kwa hasira, mke akishika sketi yake, fimbo inashuka. Na anayevunja mwiko huo hahukumiwi na wazee wa kiume. Wanawake humhukumu wenyewe, naye hulipa.

Basili akamsogelea Scolastica. "Dada, nikikate kile kipande? Ni kidogo tu. Hakuna atakayejua."

"Wamekwisha kujua. Sasa unamkatia nani?"

Wanawake wakatoka, wakakaa kwenye nyasi nyuma ya klabu, wanaume wakafukuzwa hadi karakana. Scolastica alikaa kwenye ngazi akiikumbatia kanda. Alikuja kutafuta kibali, akaleta kesi. Akilini aliwaona wahadhiri wa uhandisi wakichora daraja juu ya mikono ya Mama Gidamis.

Jua lilikuwa limeegemea upande wa mlima walipomwita.

"Mzee atalipa dume la ng'ombe," Mama Gidamis alisema. "Huyu wa kamera atalipa asali, kwa kuwa ndiye aliyemtuma. Wakilipa, chukua kanda yako na madole yetu."

"Na wasipolipa?"

"Hakuna kanda."

Basili akakubali asali bila ubishi. Mzee Gwandu alikuwa ameegemea ua wa karakana, ametazama pembeni. Scolastica akamfuata.

"Mzee, ukikataa, kanda itafutwa."

"Ifutwe. Si ndiyo nzuri kwangu?"

"Kwenye deki itafutika. Kwenye vichwa vya wale kina mama, ataifuta nani?"

Mzee akawatazama. Nao walikuwa wanamtazama.

"Ikibaki, wajukuu zangu wakisoma huko kwenu wataniona nikikosea."

"Watakuona una meno yote."

Mzee alijikaza asicheke, akashindwa. "Wewe mume wako anakula chakula kwa raha?"

"Anakula. Akimaliza anaosha sahani."

"Maskini," alisema Mzee Gwandu, akaenda kumtafuta dume.

Alimleta asubuhi, mweusi, akimswaga mwenyewe, Basili akimfuata na asali. Wanawake walimpokea kwa wimbo, akachinjwa na kuchomwa, na ilipofika saa ya kugonga madole kila mtu alikuwa na mafuta mikononi, ikabidi Scolastica afute karatasi kwa khanga yake.

"Kipande cha mzee msikikate," Mama Gidamis alisema. "Mkikikata, kesho wanaume watasema hakuna aliyewahi kushika. Andika hivi: aliyeshika amelipa. Kila anayeazima asome hapo kwanza, ndipo atazame."

Scolastica akaliandika kama sharti la kwanza la kibali, akalisoma kwa sauti. Wakaanza kugonga, mmoja baada ya mwingine, mpaka karatasi ikajaa na kulazimika kugeuzwa. Aliyemaliza aliinuka kurudi kwenye nyama.

Mzee Gwandu alikuwa amesimama nje ya duara, kwa umbali wa heshima.

"Binti," aliita. "Andika pia kwamba dume alikuwa mnono."

Scolastica akamtazama Mama Gidamis. Mama Gidamis akatafuna kwanza, akafikiri.

"Andika," alisema. "Ni kweli."

Akaandika.