Jiko la Nyuma ya Laini

Joab Ogola, karani wa mizani katika shamba moja la chai karibu na Kericho, alikuwa akiandika riwaya, na riwaya ilikuwa imekwama kwenye chungu. Usicheke. Alikuwa akimwandika mke wake Aoko, aliyechukuliwa na homa mwaka wa 1933, tangu usichana wake kando ya ziwa. Kwa wino angalau alikuwa akimpata tena. Sasa Aoko wa kitabuni ameinama jikoni, na mwandishi mzima hajui la kumfanyisha.

Angejulia wapi? Mwanamume wa Kijaluo anayejiheshimu hatii mguu jikoni. Miaka yote ya ndoa ugali na mboga ya mrenda vilimfikia mezani, akala, akashiba, akamshukuru Mungu. Wanawake wa laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa shamba, walipika pamoja katika kibanda nyuma ya nyumba zao, naye hakuwahi hata kuchungulia.

Jioni moja ya mvua, upweke ulipomkaba, alienda. Jirani yake Jerusa, Mkisii, mama yake Nyaberi, alikuwa humo peke yake akikoroga mboga. Nusura adondoshe mwiko.

"Karani! Umepotea njia?"

"Mama Nyaberi, nifundishe vile Aoko alikuwa anapika mrenda."

Jerusa akamsogezea kigoda. Maji yachemke kwanza na magadi kidogo, usifunike. Joab alisikiliza yote, ndipo akauliza lililomleta hasa: Aoko akipika, alikuwa anaongea nini?

"Kumbe hujui? Huyo alikuwa na hadithi! Kila jioni. Wanawake wanaacha ugali inaungua sababu ya kumsikiza."

Joab, anayejiita mtu wa hadithi, alikuwa amelala na hadithi kitanda kimoja asijue.

"Nipe moja, mama. Moja tu."

Jerusa akashusha macho. "Alikuwa anasimulia na Kijaluo. Wale walikuwa wanaelewa walimaliza kandarasi, wakaenda kwao. Mimi nilikuwa nacheka tu nikiona wao wanacheka."

Mboga ilifura, Jerusa akaiepua. Joab hakuinuka. Alimwonea wivu mwanamke huyu asiyejua neno moja la Kijaluo, wivu wa kumtoa machozi. Jerusa angalau alikuwapo.