Jeshi la Kola za Njano

Mimi ni fundi cherehani, na mdogo wangu alikuwa fundi wa kupaka rangi askari wa mezani. Nikisema hivyo watu hucheka, wanadhani ni vitu vya watoto. Thubutu! Hawa ni askari wa madini, wafupi kuliko kidole gumba, kila mmoja na bunduki yake na mkoba wake mgongoni, na wanaocheza nao ni watu wazima wenye mvi na vitambi. Wanatandika uwanja wa vita juu ya meza, wanaweka vilima vya mbao na vijumba vya karatasi ngumu, wanarusha dadu, wanapima hatua kwa futikamba, wanapigana upya vita vya watu waliokufa zamani, zama za farasi na mizinga ya kukokotwa. Na ole wako ukosee rangi ya kola. Niliwahi kuona wanaume wawili, babu za watu, wamenuniana kwa sababu ya kola.

"Wote tunashona sare," nilikuwa nikimtania, maana mimi nashona za shule.

"Tofauti ni kwamba wangu hawarudi kupunguziwa suruali," ananijibu.

Tuliishi nyumba aliyotuachia mama, yeye bila mke na mimi bila mume, kila mmoja kwa sababu zake. Chumba cha mbele tuligawana. Cherehani yangu ilikaa upande wa mlango, meza yake chini ya dirisha. Kila askari alimgandisha kwa gundi juu ya kizibo cha chupa, ili ashike kizibo asimguse askari mwenyewe. Anampaka nyeusi mwili mzima kwanza, kisha ndiyo anaanza: uso, koti, mikanda, vifungo mwisho. Ncha ya brashi aliinyoosha kwa ulimi. Nimemgombeza juu ya ulimi ule mpaka nikachoka mwenyewe.

"Utakula sumu wewe!"

"Nimeshakula majeshi mazima, dada, na bado naomba chai."

Lakini majeshi yote hayo yalikuwa ya watu. Wanaleta askari wakiwa madini matupu, yeye anawavalisha, wanakuja kuwachukua na masanduku, kwaheri. Kinyozi hajinyoi. Umri wote ule hakuwahi kuwa na jeshi lake, na hakuwahi kusimama mezani kama mwenye jeshi. Alikuwa anaalikwa kutazama tu, anashika sahani ya karanga.

Kisha macho yakaanza. Presha ya macho, alisema daktari. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda kabla hatujajua kuna safari, na la kulia lilikuwa linafuata. Daktari alisema maneno mengi ya upole. Mimi njiani nikayafupisha moyoni: la kuvunda halina ubani.  Tulipofika nyumbani yeye hakuvua hata viatu, akaenda moja kwa moja kabatini, akatoa mfuko wa askari aliokuwa akijiwekea kidogo kidogo.

"Napaka langu," akasema. "Nataka nilione likipigana. Mara moja tu, dada. Nikishaliona, basi, macho yaende yanakotaka."

Nikamwambia asiseme maneno ya namna hiyo ndani ya nyumba ya mama. Kisha nikaenda jikoni nikalia.

Alikuwa na rafiki, fundi saa, mtu mwembamba mwenye utani mkavu, mchezaji wa siku nyingi. Huyo akaahidi: jeshi likiwa tayari, na yeye analeta la kwake, wanapigana hapa hapa, kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa. Mimi nikasema meza yangu haijawahi kumwagikiwa damu. Fundi saa akasema damu ya wanaume wa madini haichafui kitambaa.

Basi akapaka. Vitu vya mbali alikuwa ameshazoea kuviona kwa ukungu. Mimi mwenyewe nikisimama mlangoni alinijua kwa kikohozi. Alichobaki nacho kilikuwa cha karibu, chini ya miwani yake ya kukuza, eneo la kama kisahani cha kikombe. Humo ndani aliona. Vikopo vya rangi alivipanga kwa mstari asikosee, na akikosea aliniita: "Dada, hii ni njano au nyeupe?" Mara nyingi ilikuwa njano, kwa sababu kikosi chake alichokipenda kilikuwa na kola za njano. Siku moja umeme ulikatika, nikamshikia taa mpaka mkono ukafa ganzi, yeye anampaka mpiga ngoma bizimu ya mkanda wake. Nikamwambia mpiga ngoma huyu hata mama yake mzazi hakumhangaikia hivi. Akacheka mpaka brashi ikateleza, akanilaumu mimi.

Akamaliza. Ikabaki vanishi.

Hapa lazima nieleze, maana bila hili hutaelewa. Askari asiyepakwa vanishi haendi vitani, vidole vya wachezaji vitamchubua rangi. Vanishi yenyewe ni ya kopo la kupuliza, na haina adui kama unyevu. Ukipuliza siku ya mvua, inapauka. Inakauka nyeupe, askari mzima anakuwa kama amemwagiwa unga, kazi yote chini yake huioni tena. Kila mpaka rangi limemkuta hili angalau mara moja na huwa anasimulia kama msiba. Na sisi tulikuwa katikati ya mvua. Fundi saa ameshaalikwa aje kesho yake. Mdogo wangu kutwa anasikiliza bati, anauliza, "Imekatika?" Namwambia bado.

Mchana, alipotiwa dawa ya macho na kulala kama alivyoagizwa, mvua ikakatika. Jua likatoka kali, hata ua ukakauka ukatoa mvuke. Nikasubiri mvuke uishe. Nikajiambia, wewe mwanamke, umemwona akifanya hivi miaka yote, unangoja nini? Nikawapanga askari wote kwenye kadibodi uani, nikapuliza kama anavyopuliza, mbali kidogo, mkono unatembea, hausimami. Nikakaa nikawalinda kama mama mwenye mboga juani. Wakakauka safi. Nikawarudisha mezani kabla mawingu hayajarudi, nikaketi kwenye cherehani yangu nikijisikia mtu wa maana.

Akaamka mvua imeanza tena. Akapapasa hadi mezani, akanusa.

"Nani amepuliza vanishi?"

"Mimi."

"Na mvua hii?"

"Jua lilitoka, wewe umelala."

Akavaa miwani ya kukuza, akamwinua wa kwanza. Akamwinua wa pili. 

"Dada, umefanya nini? Umewaua! Weupe watupu! Wote weupe, hebu ona, hata kola haionekani! Si nilisema tusubiri? Si nilisema?"

Sijawahi kupigiwa kelele na mdogo wangu. Niliruka pale nilipo, pini zikamwagika sakafuni. Nikaenda kuangalia.

Askari walikuwa wazima. Koti la buluu ni la buluu, kola ni ya njano, vifungo vinang'aa, hata yule mpiga ngoma unauona mdomo wake. Nikamchukua mmoja nikampeleka dirishani. Safi kabisa. Nikageuka nikamwangalia mdogo wangu, amemshika farasi karibu na pua, anakaza jicho, anafuta miwani kwa shati, anakaza tena.

Jamani. Mtu hujui utafanya nini siku kama hiyo mpaka ikufike. Ungemwambia wewe? Mimi sikuweza. Nilisema, "Nisamehe, mdogo wangu. Nimeharakisha. Ni kosa langu."

Akahema. Haki ya Mungu, niliona ametulia kidogo, kama mtu aliyeambiwa mzigo ni mwepesi kuliko alivyodhani. Akaacha kufoka. Akaanza hata kunibembeleza, eti hata mabingwa huwatokea, eti dawa ipo. Mafuta ya kupikia, tone dogo, brashi laini, unafuta taratibu na ule weupe unaondoka. Akaniagiza mafuta. Nikayaleta. Akamkalisha mpanda farasi mmoja mkononi, akamfuta.

"Imetoka?"

"Bado kidogo," nikasema.

Akafuta tena. "Sasa?"

"Kidogo bado."

Nilikuwa namdanganya mtu mzima kama mtoto anayenyweshwa dawa, na sikujua nitaishia wapi. Akafuta mara ya tatu. Kisha akaweka brashi chini, akamkausha farasi kwa kitambaa, akapitisha kidole gumba mgongoni mwake polepole, kwenda na kurudi. Akamshika mwingine ambaye hajaguswa na mafuta. Naye akampitishia kidole. 

"Dada."

"Abee."

"Vanishi iliyopauka inaparuza. Ukigusa ni kama chaki."

Nikainama kuokota pini.

"Hawa ni laini," akasema. Akavua miwani ya kukuza, akaikunja, akaiweka ndani ya kasha lake na kulifunga. "Umepuliza vizuri."

Nililia mimi, yeye hakulia. Alinipapasa bega akisema haya basi, haya, kana kwamba aliyepotelewa ni mimi. Nikamwambia twende kwa daktari sasa hivi, na tulikwenda, na mvua yote ile. Daktari alimulika, akamulika tena, akatuambia alichotuambia. Jicho lile la kulia halikurudi.

Nilidhani mchezo umekufa. Nikatuma ujumbe kwa fundi saa asije. Mdogo wangu aliposikia alikasirika kuliko alivyokasirikia vanishi.

"Nani amesema asije? Mwambie aje na mizinga yake yote."

Fundi saa akaja. Nikatandika ile meza ya kukatia, wakaniambia niweke wapi kilima na wapi ukuta wa mawe. Mdogo wangu akakaa kwenye kiti pembeni, mimi ndiye mkono wake. Akisema, mimi nasogeza. Mwanamke nisiyependa hata ugomvi wa kuku, leo naongoza kikosi! Fundi saa alipowatazama askari wetu kwa mara ya kwanza alisema tu, "Bwana wee." Nikamwona anafuta jicho kwa nyuma ya mkono.

Mpango ulikuwa mzuri, hata mimi niliuona. Tuna kilima, tuna ukuta, wao wako bondeni. Kaa nyuma ya ukuta, wangoje. Mdogo wangu akasema, "Kola za njano waende mbele."

"Mbele wapi?" nikamuuliza.

"Penye mizinga."

Fundi saa akacheka, akidhani ni utani. "Bwana, hapo mbele ni uwanja mtupu. Hata mpishi wa jeshi hafanyi hivyo."

"Waende."

Nikawasogeza nikiwa nimevimba kwa hasira. Miezi yote ile, ulimi wote ule, halafu anawapeleka machinjoni! Fundi saa akarusha dadu. Kwa kanuni zao, askari akiuawa anaondolewa mezani. Akamwondoa mmoja, akataka kumlaza kwenye kifuniko cha sanduku.

"Nani huyo?" mdogo wangu akauliza. "Nipe."

Fundi saa akampa. Akampapasa kofia, bunduki, mkoba, akaenda kwa kidole mpaka miguuni. "Huyu mkanda wake nilikosea, nikaurudia," akasema. "Ukakaa vizuri sana." Akamlaza mwenyewe kwenye kifuniko. "Haya, twende. Wengine mbele."

Akaja mwingine. "Huyu ana masharubu. Alitaka kunishinda, huyu, masharubu membamba hivi." Akaja mpiga ngoma. Alipomgusa alicheka kidogo akaniambia, "Mkono wako ulikuwa unatetemeka na hiyo taa, ukajifanya haujachoka." Nikasema haukutetemeka. Nikageuza uso.

Ndipo nikaelewa. Askari aliye hai kwenye uwanja hapapaswi, ukimpapasa utavuruga safu. Anayemfikia mdogo wangu mkononi ni aliyekufa tu. Ningeweza kumpa wote kutoka sandukuni, mmoja mmoja, asubuhi nzima, na asingewataka hivyo; alitaka wapigane. Hasira yangu ikaisha pale pale. Nikaacha kungoja amri, nikawa natoa kikosi nyuma ya ukuta kabla hajasema, nakipeleka uwanjani.

Fundi saa alinitazama. Akamtazama rafiki yake, aliyekuwa ameinamisha kichwa juu ya farasi mdogo, anamtafuta hatamu kwa ukucha. Akaelewa naye. Toka hapo hakuharakisha tena. Alirusha dadu, akaziangalia, na hata zilipoanguka vibaya, namba za kukosa kabisa, zisizoua mtu, ambazo hata mimi nazijua, alisema kwa sauti ya kawaida, "Mmoja."

Mdogo wangu akanyoosha mkono.