Kikohozi cha Mnarani

Asubuhi ya kumbukumbu, Perina alipiga pasi gauni lake jeusi, akatia mkobani pipi za asali za kutuliza kikohozi, akashuka bandarini. Mwanawe Nebojša alikuwa na kifua kibovu tangu utotoni, na chokaa mpya ya mnara ilikuwa imemzidishia.

Vita vilipofika, mizinga ya Waserbia iliuangusha mnara wa ngome, na vijana walioulinda mji wakafia ndani. Ulipokarabatiwa, wakabaki humo humo kwenye mawe. Kila mwaka Meya Tonči huwaita kwa majina, nao huitika mmoja mmoja, huku watu wakishikilia kofia zao, maana upepo wa milimani hauna adabu. Wasiosikia vizuri husogea mbele.

Nebojša alifia humo pamoja na wenzake, mkononi ana sufuria ya maharage aliyowapikia. Lakini baba yake alikuwa Mserbia, na jina lake la Kiserbia, Opačić, halijawahi kuitwa.

"Tonči mwanangu," Perina alimwambia meya kabla hawajaanza, "mwaka huu mwite."

"Mama Perina, usinitie majaribuni. Hawa watanila mbichi."

"Ulipokuwa na makamasi yako ulikula kwangu. Hukuuliza maharage ni ya ukoo gani."

Meya alicheka, akamshika bega, kwa sababu ni kweli. Kisha akapanda jukwaani.

Majina yakaitwa. "Nipo," mawe yakajibu. "Nipo." Bepo, ambaye hata alipokuwa hai hakuwa na breki mdomoni, akaongeza yake: "Meya, na mpishi wetu je? Ananikoholea sikioni mwaka mzima."

Watu wakacheka kidogo, kama wanavyocheka kila mwaka. Meya akaiashiria bendi.

Perina hakuingoja. Alikwenda mpaka ukutani, akaita mwenyewe kwa sauti yake yote: "Nebojša Opačić!"

Ukuta ukakohoa.

"Mama, nyamaza kidogo," kijana akanong'ona, "nisije nikapitwa. Bado hawajanifikia."

"Haya, baba," akasema Perina.

Akamenya pipi moja, akaichomeka kwenye ufa baina ya mawe, akaisukuma kwa kidole mpaka ikaingia. Tarumbeta zilikuwa zimeshaanza.