Herufi Mbili za Daktari Merritt

Kitu cha kwanza nilichokiona ni vitundu. Nilikuwa napiga pasi koti jeupe la shemeji yangu, Daktari Merritt Vandiver. Mwishoni mwa jina lake lililodariziwa kwa uzi wa buluu, mahali palipokuwa na herufi D na O, palibaki vitundu vidogo vya sindano tu. Mtu alikuwa amefumua uzi kwa uangalifu, kama anayetoa nyuzi kwenye kidonda kilichopona.

Sikuuliza. Naishi kwa dada yangu Darlene tangu nilipoacha shule darasa la tano, na katika nyumba ya wasomi asiyeuliza ndiye anayedumu. Lakini nilijua herufi zile ni za nini. Huku kwetu kaskazini mwa Missouri hata mbwa wanajua. Ni za madaktari wa osteopathi, wanaosomea yote wanayosomea madaktari wengine, kisha juu ya hayo wakafundishwa kutibu kwa mikono: kusikiliza mgongo kwa vidole, kulegeza mbavu, kuuamsha mwili uliolala. Waliosoma shule hizo huandika D.O., waliosoma zile nyingine huandika M.D. Wote wanapasua, wote wana leseni, na magari yao yanaegeshwa uwanja mmoja. Ila Merritt alikuwa amehudhuria mkutano St. Louis, ambako wale wa M.D. walizicheka herufi zake, akarudi na aibu kama mtu anavyorudi na mafua.

Tangu hapo akawa "Daktari Vandiver, mpasuaji", basi. Shahada yake ikashushwa chumba cha chini, nyuma ya mtambo wa kupasha nyumba joto. Na mezani, wageni wakiwepo, alikuwa akimwigiza Daktari Teague.

Orval Teague alikuwa mpasuaji mkongwe wa hospitali yetu, naye ni D.O. vilevile. Siku ya pili baada ya kumpasua mtu tumbo alikuwa akirudi, anaketi kando ya kitanda, anaingiza viganja chini ya mgongo wa mgonjwa na kuinua mbavu taratibu, ili utumbo ukumbuke kazi yake. Jioni moja Merritt alichukua kipande cha mkate laini, akakikanda mbele ya wageni, macho ameyafumba.

"Tulieni, jamani, utumbo unaongea na mimi. Unasema... unasema Mzee Teague akalale!"

Wageni walicheka. Dada alicheka kuliko wageni. Mimi nilipeleka sahani jikoni.

Kisha hospitali ikatoa agizo. Kila anayeshika kisu awe na cheti cha ubingwa cha Bodi inayowatahini wapasuaji, au angalau awe amekubaliwa kufanya mtihani wake, kabla mwaka haujaisha. Asiye na kimoja kati ya hivyo hana thieta. Merritt alikuwa akiuahirisha mtihani huo tangu amalize mafunzo, akisema mtu anayepasua vizuri hana haja ya kuulizwa maswali na wazee.

"Nitaomba ile Bodi nyingine," alimwambia dada. "Ile ya M.D., ya watu wakubwa."

Aliomba. Watu wakubwa wakamjibu kwa adabu kwamba mafunzo yake hayakuwa chini yao, akabishe hodi kwa wenzake. Ikabaki Bodi ya osteopathi. Nayo, pamoja na orodha ya watu aliowapasua na makaratasi mengine, ilitaka barua ya mpasuaji wa osteopathi mwenye cheti, aliyefanya naye kazi, aseme kwamba anafaa. Katika kaunti nzima alikuwepo mmoja tu.

"Nani?" dada aliuliza, ingawa alijua.

"Usinilazimishe kumtaja, Darlene."

"Yule wa mkate?"

"Nimesema usinilazimishe!"

Ungeona alivyookoka. Dada aliniletea koti na uzi wa buluu nirudishe herufi. Merritt akaanza kusema "mwalimu wangu Teague" hata anapokuwa peke yake na paka. Mimi nikatumwa chumba cha chini kupandisha shahada. Fremu ilikuwa nzito na ngazi zilikuwa na unyevu. Niliteleza, nikaangukia ubavu.

"Kioo kimepasuka?" Merritt aliita kutoka juu.

"Hapana, shemeji."

"Afadhali!"

Daktari Teague akaalikwa chakula cha Jumapili. Kwa jinsi alivyokuwa akichekwa, nilimtarajia mtu mpole. Akaja mzee mnene mwenye alama za supu kwenye tai, akakalia kiti cha Merritt bila kukaribishwa, akaongeza nyama ya kuoka, akaongeza tena, kisha akangoja kuombwa. Alijua alichoitiwa, na alikifurahia.

"Mwalimu," Merritt alianza, "kuna hiki kijibarua cha Bodi..."

"Mwalimu! Darlene, umesikia? Juzijuzi nilikuwa mkandaji wa mkate."

Dada aliyatazama maharage yake.

"Ulikuwa utani tu, mzee wangu."

"Utani mzuri. Niliusikia hadi kwa kinyozi." Teague alijifuta mdomo. "Mimi siandikii mtu barua kama sijaona mikono yake."

"Lakini umeniona thieta mara ngapi!"

"Nimekuona ukikata. Kukata unajua, na kushona unajua. Mimi nauliza siku ya pili. Kwenye mtihani wa mdomo watakwambia mgonjwa wako tumbo limegoma, hajajamba tangu umshone, utamfanyia nini kwa mikono hiyo? Utawajibu nini? Utaagiza mkate?"

Merritt aliiva uso. Macho yake yakazunguka chumbani yakatua kwangu.

"Opal tunaye hapa. Opal, njoo ulale kwenye kochi."

Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Nililala chali, na Merritt akaingiza mikono chini ya mgongo wangu. Ilikuwa ya baridi na ilikuwa na haraka. Alitaja majina ya mifupa kwa sauti, kama mtoto anayekariri sala asiyoielewa, huku akiniinua mbavu kama anayetafuta funguo chini ya godoro. Alipita juu ya ubavu nilioangukia. Nilibana pumzi. Akapita tena. Niliuma mdomo. Hakuona, kwa sababu muda wote alikuwa akimtazama Teague.

"Hebu toka," Teague alisema.

Akaingiza kiganja chake, kizito, chenye joto. Kilitembea polepole, kikasimama palepale panapouma.

"Umepita hapa mara mbili, bwana."

"Nilikuwa naja huko," Merritt alijibu.

Teague akauondoa mkono. Nilingoja aniulize nimepatwa na nini. Akamgeukia Darlene, akamuuliza kama pai ni ya tufaha au ya cheri.

Baadaye niliwapelekea kahawa barazani. Watu hawakatishi mazungumzo kwa ajili yangu, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Mikono yako ni mibovu, kijana."

"Nitafanya mazoezi, mwalimu."

"Hutafanya. Usinidanganye nikiwa nimeshiba." Teague alikoroga kahawa. "Ila nikikunyima barua, hospitali itamleta mtu wa ile Bodi nyingine. Mimi nikistaafu, hakutabaki hata mmoja wetu anayeshika kisu hapa. Kwa hiyo nisikilize. Bango la kliniki yako. Herufi zetu mbili, kubwa kuliko jina lako."

"Kubwa kuliko jina?"

"Na kwenye karamu ya mwaka ya chama chetu utasimama useme ni nani aliyekufundisha kuinua mbavu."

"Nani?"

"Mimi, mpumbavu wewe!"

Wakapeana mikono. Nilimwaga kahawa kidogo kwenye kisahani, hakuna aliyegundua.

Barua ikaandikwa. Dada alitusomea kipande, kwa sauti ya kanisani: "mikono yenye usikivu wa nadra". Bodi ikakubali Merritt afanye mtihani, hospitali ikamwachia thieta yake, na bango likapandishwa. Unaliona kutoka kituo cha mafuta. Jina lake huwezi kulisoma mpaka ukaribie, lakini herufi zinakufuata hadi kwenye njia panda.

Dada akaandaa chakula cha kumpongeza. Wageni walikuwa walewale waliocheka mkate. Safari hii walikuwa wakimwomba Daktari Teague awaguse mabega. Merritt aliinua glasi.

"Mnadhani natia chumvi? Muulizeni Opal! Opal, si ulisikia nafuu siku ile?"

Meza nzima ikanigeukia, na Teague naye, kijiko mkononi. Nilitabasamu. Ndivyo ninavyofanya watu wengi wakinitazama kwa pamoja. Wakapiga makofi, wakidhani nimesema ndiyo.

Sikusema ndiyo. Hapana, shemeji. Uliniumiza, na siku nitakapohitaji kupasuliwa nitapelekwa kwingine, hata kama ni mbali na barabara ina theluji. Na wewe, Daktari Teague, ni mbaya kuliko yeye. Yeye hakujua. Kiganja chako kilijua, ukakiondoa, ukaulizia pai.